Kwapa Linabana

Saa tatu usiku, Zimmerman, ghorofa ya tano.
Nimesukuma cherehani ukutani,
simu nimeiegemeza kwenye kopo la vifungo.
Bando la saa moja. Mwalimu Chelagat anasema,
"Leo kila mtu amsome mwenzake,"
kisha uso wake unaganda, mdomo wazi,
mtandao umemmeza.

Mimi nilipewa Mwadime.
Askari wa usiku, Eneo la Viwanda,
huandika akiwa zamu, kwa kidole kimoja.
Kurasa nne juu ya mbwa wa bohari
asiyebweka.
Nilisoma mbiombio, sufuria ikifurika,
nikamwandikia: Kazi safi. Hongera. Endelea hivyo hivyo.
Maneno sita. Nikajiona mkarimu.

Yeye alipewa mimi:
hadithi ya mama, niliyoiandika nikilia,
na kwa kuwa nililia
nikadhani imekamilika.

Jibu lake lilifika saa nane za usiku.

"Wanza, nimekusoma mara tatu, getini, kati ya malori.
Aya zako mbili za kwanza zinakohoa tu, bado hujasema.
Unaanza kusema pale mama anapohesabu sarafu za maji
na kuificha moja chini ya ulimi.
Hapo nilisimama. Dereva alipiga honi, sikusikia.
Lakini mwishoni unaniambia alikupenda.
Nilikuwa nimeshaona. Mbona unaniambia?
Halafu, ile sarafu ilikwenda wapi?"

Nikawaka. Nani huyu
wa kunifundisha mama yangu mwenyewe?
Nikaandika jibu refu, lenye meno,
nikalifuta
kwa sababu ya sarafu.
Miaka kumi na tisa, hakuna aliyeniuliza.

Asubuhi kibandani, Githurai, baridi ya Julai,
Nyanchoka alikuja kujaribu gauni.
Kuna wateja wa "Asante fundi, imenikaa,"
wakalipa, wakaenda zao,
na gauni likalala kabatini mpaka nondo wakalikuta,
nami mwakani nikakosea palepale.
Nyanchoka si wa hao.
Aliinua mkono kama anayeanika shuka,
akageuka, akainama, akainua tena.
"Rangi naipenda. Kola imetulia.
Kwapa linabana. Hapa."
Akaweka kidole.

Hakusema mimi si fundi.
Hakusema gauni bovu.
Hapa.

Nikachukua wembe nikafumua mshono ule mmoja,
polepole, maana kufumua si kurarua,
na kitambaa hakikulia.

Usiku nikamrudia Mwadime, jiko limezimwa.
Nilimsoma kwa sauti, jirani akagonga ukuta,
nikashusha sauti, nikaendelea.
Mbwa yule! Jana nilimpita kama jiwe la njiani.
Nikaandika, nikafuta "ungepaswa,"
nikafuta "mimi ningefanya,"
nikabaki na hiki:

"Mwadime, nisamehe yale maneno sita.
Mbwa wako anapolamba kufuli
nilihisi chuma ulimini mwangu. Pale usiguse.
Ila ukurasa wa tatu kuna walinzi wawili,
wote wawili unawaita 'yeye,'
sikujua ni nani aliyeshika rungu
na ni nani aliyekuwa chini.
Labda ulitaka nisijue. Kama ulitaka, sawa.
Kama hukutaka, nilipotelea hapo.

Kuhusu aya zangu mbili: moja nimeitoa.
Moja inabaki. Ni kikohozi, ndiyo,
lakini ni kikohozi cha mama.

Sarafu ilinunua sindano.
Bado ninayo. Leo ndiyo iliyo—"

Bando likaisha.
Ujumbe ukakaa pale na mshale wake wa kijivu,
nami nikavuta cherehani kutoka ukutani,
kwapa la Nyanchoka likiningoja.